Mvumo na Mchakacho: Kelele Ndani ya Vyombo vya Umeme

Wanafunzi wangu, na mafundi mliofunga vibanda vyenu kule Ngamiani mkaja, karibuni. Tutege sikio kwanza. Ampu hii, yaani kikuza sauti, haikuunganishwa na chochote ila umeme, naifungulia sauti mpaka mwisho. Mnasikia? Chini kuna mvumo mzito, mmmm. Juu yake mchakacho, shhh, usiokatika. Mteja huviita vyote kelele, na fundi mwenye haraka humbadilishia kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji, akachukua hela yake.

Mvumo ni umeme wa ukutani. Wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye dayodi za daraja, zile nne zinazougeuza uende upande mmoja, inakuwa 100. Ukisikia 100, kapasita ya kuchuja imechoka. Ukisikia 50, fuata waya: ethi imefungwa sehemu mbili, au waya wa sauti umelala kando ya transfoma. Huo unaweza kuondolewa.

Mchakacho je? John Johnson wa maabara ya Bell Labs, Marekani, aliupima, na mwaka 1928 mwenzake Harry Nyquist akaeleza hesabu yake. Maadamu kuna joto, elektroni, chembe za umeme, ndani ya rizista, kile kizuia mkondo, hazitulii. Chukua rizista ya kilo-ohm 10, bila betri, humu ukumbini kwenye nyuzi 27. Katika masafa yote ya sauti, mpaka hezi 20,000, yaani mizunguko 20,000 kwa sekunde, inatoa karibu sehemu 2 za milioni za volti moja. Ikuze mara 1,000, inasikika.

Kijana kule nyuma anauliza, tuiweke kwenye friji? Ungekuwa ujanja, ila volti hiyo hufuata kipeuo cha pili cha joto, linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Ukishusha hadi kwenye barafu umepunguza asilimia 5 hivi. Ukitaka nusu, ushuke karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Friji gani hiyo, jamani!

Afadhali upunguze masafa. Kipima joto hakihitaji hezi 20,000. Kiachie 200, masafa yamepungua mara 100, na mchakacho, unaofuata kipeuo cha pili chake, unashuka mara 10. Au chukua vipimo 100 utafute wastani, nao utashuka mara 10.

Angalizo kwa wanaopima kwa kompyuta: ukichukua kipimo kila baada ya milisekunde 20 kamili, muda wa mzunguko mmoja, mvumo wa 50 utakuwa umefika palepale kila mara, na wastani hautaugusa. Kusanya vipimo vingi ndani ya hizo milisekunde 20, ujifute wenyewe. Mita nyingi nzuri za kidijitali hufanya hivyo bila kukuambia. Haya, nani ana bisibisi? Tuifungue hii ampu, tuanze na ethi.