Futikamba Kwanza, Mshono Baadaye

Wazazi wangu shikamooni. Dada zangu, na nyinyi vijana mnaomaliza darasa la ushonaji leo, habari zenu.

Nikiwa na miaka 24 nilipeleka kitenge kwa fundi anishonee gauni la harusi ya dada yangu. Akanizungushia futikamba, halafu akampigia kelele mwanafunzi wake aliyekuwa akiandika upande wa pili wa chumba: "Hipsi 52!" Benchi zima likageuka kunitazama. Gauni lilipokuja, kifua kilibana na mabega yakaanguka karibu na viwiko. Fundi akaniambia mwili wangu ni mgumu kushonea. Niliamini maneno yale kwa miaka mingi, mpaka nilipojifunza kukata nguo mwenyewe.

Alichofanya ni kuchukua pateni, yaani karatasi ya kukatia nguo, ya mtu mwembamba na kuipanua kila upande. Viwanda vingi navyo hufanya hivyohivyo. Lakini mtu akinenepa, mabega hayapanuki sawa na kifua, wala mikono hairefuki! Anayetaka kumvisha mtu mnene sharti ampime yeye mwenyewe.

Kuna mama mmoja aliyelijua hili zamani sana. Lena Bryant alikuwa mhamiaji kutoka Lithuania, mjane mwenye mtoto, aliyeshona nguo New York. Duka lake, Lane Bryant, lilianza mwaka 1904 na likapata jina kwa nguo za wajawazito. Kisha wanawake wanene wakawa wanauliza: na sisi je? Mume wake wa pili, Albert Malsin, alikuwa mhandisi. Wakapima wateja wapatao 4,500, wakaona kwamba wanene nao wana maumbo tofauti. Kufikia 1923 nguo za wanene zilikuwa zinauza kuliko zile za wajawazito.

Picha za magazetini zilichelewa mno kuifuata futikamba. Ashley Graham, mwanamitindo mnene wa Marekani, alitokea kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated, toleo la mavazi ya kuogelea, mwaka 2016, zaidi ya miaka 100 baada ya duka lile kufunguliwa. Nimefurahi kumwona. Ila binti wa hapa kwetu anayepita dukani na kukuta sanamu zote nyembamba bado anajiuliza kama nguo ile inamhusu.

Sasa tuje mezani. Mpime mteja akiwa amevaa sidiria atakayovalia gauni hilo. Hipsi zipime akiwa amesimama, halafu mkalishe upime tena, kwa sababu harusini atakaa kwa muda wa saa nne. Pima mkono wa juu, pale penye unene. Na urefu upime mara mbili, toka begani hadi chini, mbele peke yake na nyuma peke yake, maana tumbo hunyanyua pindo la mbele. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Wateja wangu huambiwa wavae nyeusi, wajifiche ndani ya dera. Dera nalipenda, nalivaa nyumbani. Lakini kitenge chenye ua kubwa kinahitaji nafasi ili ua lionekane zima, na mwili mpana unayo nafasi hiyo. Kazi yako ni kuangalia ua linaangukia wapi kabla hujatia mkasi. Mimi hulikwepesha katikati ya tumbo, nikalipandisha begani au nikalishusha kwenye pindo.

Na vipimo mimi huviandika mwenyewe, kimya.

Mwaka jana nilitundika mlangoni mwa ofisi yangu gauni la hipsi 54, la kitenge cha bluu, lenye shingo ya pembe. Mama mmoja akasimama nje, akaligusa mkono, akaniuliza, "Mwanangu, hili la nani?" Nikamwambia bado halina mwenyewe. Akavua viatu, akaingia.