Dhahabu Ikigawanywa Hadi Nanomita Tatu

Ndugu walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, asanteni. Leo nazungumzia gesi inayoua watu wakiwa usingizini, na jinsi madini mnayoyajua kwa pete na mikufu yanavyoweza kuiondoa hewani.

Gesi hiyo ni kaboni monoksidi. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi, milango na madirisha yakafungwa, mkaa hukosa oksijeni ya kutosha na gesi huanza kujaa. Haina rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu huishika himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake ukinyimwa hewa. Dawa ya gesi hii kikemia ni nyepesi kuitamka: iongezee atomi moja ya oksijeni, inakuwa kaboni dioksidi. Ila kwa joto la kawaida hazikubali kuungana zenyewe, na hapo ndipo kinapohitajika kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha muungano huo bila chenyewe kuliwa.

Platini inafanya kazi hiyo kwenye eksozi za magari, katika ile sehemu mafundi wetu wanayoiita sega. Kasoro yake aliieleza Irving Langmuir tangu 1922. Kaboni monoksidi huwahi kuujaza uso wa platini, kama abiria waliowahi viti vyote vya daladala, na oksijeni ikija haina pa kukaa. Mpaka platini ipate moto wa kutosha ndipo baadhi ya molekuli zinabanduka na kazi inaanza. Ndiyo maana gari hutoa gesi hii kwa wingi dakika za mwanzo tu baada ya kuwashwa.

Dhahabu haikufikiriwa kabisa. Haishiki kutu, haili oksijeni, na wakemia wengi waliiona haina faida katika uchochezi. Kisha mwaka 1987, Masatake Haruta na wenzake huko Osaka, Japani, wakachapisha matokeo yao: chembe ndogo mno za dhahabu, zikiwa zimetandazwa juu ya oksidi za metali kama chuma na kobalti, ziliunguza kaboni monoksidi hata kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri kuliko wote katika kemia ya karne iliyopita.

Hebu tupige hesabu. Gramu moja ya dhahabu ikiwa mchemraba, uso wake wote haufiki sentimita moja ya mraba. Igawanye kuwa vitufe vya nanomita 3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unapata takriban mita 100 za mraba. Kila kitufe kina atomi kama 800 hivi, na zaidi ya theluthi yake ziko nje. Lakini msidhani siri ni ukubwa wa eneo peke yake. Atomi zilizo kwenye kona na kingo zina majirani wachache, kwa hiyo zinaikamata kaboni monoksidi ambayo dhahabu ya pete ingeiacha ipite. Na pale kingo hizo zinapokutana na oksidi iliyozibeba, oksijeni huamshwa. Badili oksidi, na kasi ya kazi inaweza kubadilika sana ingawa dhahabu ni ileile.

Maabara inadai uvumilivu. Unayeyusha chumvi ya dhahabu yenye kloridi katika maji, unaongeza magadi mpaka asidi iishe, unatia unga wa oksidi ya titani na kukoroga kwenye moto mdogo. Kisha unasuuza. Unasuuza tena. Chukua maji ya suuzo, tia matone ya nitrati ya fedha: yakifanya ukungu mweupe, kloridi bado ipo, rudia. Ukiacha kloridi, chembe zitaungana wakati wa kuchoma, zitanenepa, na utabaki na unga usiofanya kitu. Hatua hii naisisitiza kwa wanafunzi wangu kuliko nyingine yoyote.

Hofu ya chembe kuungana ndiyo inayoizuia dhahabu kushindana na platini kwenye eksozi, kwa kuwa joto la huko ni la mamia ya nyuzi. Nafasi yake iko kwenye hewa ya kawaida, kwa mfano barakoa za wazimamoto na wachimbaji. Barakoa za zamani zilitumia hopkaliti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, ambao unyevu huuharibu. Dhahabu haiogopi unyevu. Unyevu kidogo hata huisaidia.

Najua kuna atakayeuliza kama tuweke unga huu karibu na jiko. Hapana. Kichocheo hakirudishi oksijeni iliyoliwa na mkaa. Kinatumia nyingine zaidi. Jiko liwe nje mpaka mkaa uishe, na kama kuna mtu ameshaanza kuumwa kichwa na kizunguzungu, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali. Sasa nakaribisha maswali.