Kabla Hujashusha Injini

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, sogeeni ndani, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kubadilisha injini ya gari lake la zamani kwa mikono yake mwenyewe. Nitazungumza. Ila sianzi na spana. Naanza na swali ninalouliza kila ninapoitwa, na kila ninapoitwa watu hulipita mbio wakimbilie bei: ile injini ya kwanza iliuawa na nini?

Nasema iliuawa. Injini ya Corolla 110, ile 5A ya cc 1498, haina tabia ya kufa ghafla. Ukiipa oili kwa wakati na maji safi, itakufikisha mbali kuliko rangi ya gari lenyewe. Sasa lako limezima kwenye foleni, moshi mweupe unatoka nyuma, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Unakwenda Ilala, unachagua injini ya mtumba iliyoshushwa kutoka Japani, unalipa, unaifunga, unamshukuru Mungu. Hukuuliza kitu. Muuaji wa ile ya kwanza bado yumo ndani ya gari, na sasa umempelekea ya pili.

Haya hayakunifika kwa kusikia. Gari la kwanza nililolishusha injini lilikuwa langu, mimi na mdogo wangu, uani kwa mama yetu, Jumamosi na Jumapili kwa wiki tatu. Tulifanya kila kitu kwa heshima. Kila waya tuliufunga karatasi ya gundi yenye namba, kila boliti iliwekwa kwenye kopo lake. Injini ikawaka mara ya kwanza tulipopiga stata, na mama akatoka jikoni kutazama. Wiki ya tatu nikiwa barabarani, Chalinze nimeiacha nyuma naitafuta Morogoro, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajiambia nifike kwenye kivuli ndipo nisimame. Ndugu zangu, ule mwendo wa kutafuta kivuli ndio uliokunja silinda hedi. Alumini haingoji ufike kwenye kivuli. Mshale ukipanda unazima hapohapo, juani, unashuka.

Tulipofungua tukakuta gasketi ya hedi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu. Injini tuliyoinunua kwa akiba ya miezi, kwisha. Ndipo mdogo wangu akasema, hebu tuichane rejeta. Tulikuwa tumeirudisha ileile ya zamani kwa sababu haikuvuja. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yetu: haivuji. Tukaichana. Vijibomba karibu nusu yake vimejaa tope jekundu la kutu, gumu kama udongo wa kichuguu. Miaka mingi gari lile lilinyweshwa maji ya kisima, na sote tunayajua maji ya visima vya Dar yalivyo na chumvi. Rejeta ile ndiyo iliyoua injini ya kwanza, na mimi kwa mikono yangu nikaipa ya pili.

Tangu siku ile, nikimkuta mtu ananunua injini namuuliza: rejeta umenunua? Akisema ya zamani ni nzima, namwomba awashe gari hadi lipate joto, alizime, atoe ufunguo maana feni ya umeme inaweza kuamka yenyewe, kisha apitishe kiganja karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi katikati ya joto, hapo maji hayapiti. Dakika moja tu. Watu hawafanyi.

Kulikuwa na jambo la pili. Gari lile halikuwa na thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gereji fulani niliyolipeleka zamani ilikuwa imeitoa na kuitupa, bila kunieleza. Na hapa najua kuna mtu atanyoosha mkono aseme, mwalimu, nchi yetu ni ya joto, thamostati ni ya Wazungu na Wajapani wenye theluji. Nimeijibu hoja hii mpaka nimechoka na bado naijibu. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33. Kwa binadamu hilo ni joto. Kwa injini hiyo ni baridi kali! Ukiitoa thamostati, maji yanazunguka tangu dakika ya kwanza na injini inachelewa kufikia joto lake, hasa kwenye mwendo wa barabara kuu. Kompyuta ya gari inapokea habari kwamba bado ni baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasagana na chuma kikavu, nyingine inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuizimua oili ikawa nyepesi. Halafu mwaka wa pili unalalamika gari linakula mafuta na linatoa moshi.

Na sikilizeni hili pia: kuna injini ambazo thamostati ikifunguka kwenda kwenye rejeta huziba papo hapo njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inapita mkato daima, haifiki kwenye rejeta kabisa. Mtu ameitoa ili gari lisichemshe, na kumbe analichemsha.

Kifuniko cha rejeta nacho. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hakikuandikwa kwa urembo. Hiyo ni presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mpira wake ukipasuka, umeipoteza akiba yote hiyo. Nimeona mtu amefunga mfuko wa nailoni chini ya kifuniko.

Sasa wapo wanaoniuliza, kwa nini usimpe fundi? Wapo mafundi ninaowavulia kofia. Lakini fundi ana magari manne yanamsubiri, na akikuta sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isivuje, ina ufa mdogo, hatakaa siku mbili kuingoja mpya. Wewe utaingoja, kwa sababu gari ni lako na unajua kuibadilisha sili ile baadaye ni kushusha gia boksi upya. Na mwenye kuniambia ninunue gari jingine, namkumbusha kwamba Kenya gari lililopita miaka minane haliingii kabisa, na hapa kwetu linatozwa kodi ya uchakavu. Gari la miaka ile likienda kwa wauza vyuma chakavu, kulipata jingine kama hilo kwa bei uliyonunulia, sahau.

Ila lazima bodi liwe zima. Kama kutu imekula pale mauntingi, vishikizo vya injini, zinapokaa na pale shokapu inapofungwa juu, acha. Usiweke injini nzuri kwenye bodi linalooza.

Kununua injini: nenda na geji ya kompresheni, kile kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda, usiende na masikio. Plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini, pima silinda moja moja. Kwa familia hii ya injini, kati ya silinda kali na dhaifu tofauti isizidi psi 14. Muuzaji akikataa upime, ondoka. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake, ukikuta ute mweupe ondoka pia.

Injini ikiwa bado iko chini, ndio wakati wa sili za mbele na nyuma, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na thamostati mpya. Vitu hivi vikishafunikwa na gari, kila kimoja kinakuwa kazi ya siku nzima.

Muda unanitupa mkono, kwa hiyo haya nayasema kwa haraka. Kompresa ya AC usifungue mabomba yake, ifungue boliti uifunge pembeni kwa kamba na gesi yake ndani. Chenibloku, ile winchi ya mnyororo ya kunyanyulia injini, usiitundike kwenye tawi la mwembe. Injini na gia boksi vinapita kilo 150 pamoja, na hakuna anayepitisha hata mguu chini yake. Wenye otomatiki: konveta, lile duara linalounganisha injini na gia boksi, lazima iingie kwenye gia boksi mpaka mwisho, na unapoisukuma huku ukiizungusha inazama zaidi ya mara moja. Gia boksi likigusana na injini, konveta inatakiwa bado izunguke kwa mkono. Kama haizunguki na wewe unavuta kwa boliti ili vibanane, unavunja pampu ya gia boksi hapohapo.

Kabla ya kuwasha, kata mafuta, piga stata vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe mafuta. Toa hewa kwenye maji, hita ikiwa wazi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na ya sasa si ile iliyoandikwa humo, kwa hiyo nenda TRA, mamlaka ya mapato, na risiti ya manunuzi kabla trafiki hajakuuliza.

Nilitaka kusema juu ya kubadili otomatiki kuwa manyuo, yaani gia za mkono, sitaiweza leo. Mwenye gari linalochemsha alilokuja nalo, twende tukafungue boneti. Kifuniko cha rejeta asikiguse mtu mpaka lipoe.