Nani Alipiga Simu? Yannick Noah na Watoto Wanaookota Mipira Yetu

Asanteni. Bamama, babaa, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni, viti bado vipo.

Nimeombwa nieleze maisha ya bingwa mmoja wa tenisi. Wengi humu mmenisikia nikimtaja Yannick Noah mara nyingi, na naona pale mama mmoja anatikisa kichwa: tena Noah! Ndiyo mama, tena Noah. Nitamwacha siku nitakapoona mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anasimama ndani ya kiwanja cha tenisi na hakuna mtu anayemuuliza ametoka wapi.

Kombe lake mnalijua. Paris, Roland-Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, tarehe 5 Juni 1983, alimpiga Mats Wilander wa Sweden kwa seti tatu, 6-2, 7-5, 7-6. Baba yake, Zacharie, aliruka akaingia uwanjani, wakakumbatiana. Mfaransa aliyelitwaa kombe lile kabla yake ni Marcel Bernard, mwaka 1946. Baada ya Noah, miaka zaidi ya arobaini sasa, Wafaransa wanaume wanalitazama tu likipita. Basi, kombe tumelimaliza. Mimi nimekuja kwa ajili ya simu.

Ni 1971, Yaoundé, Kameruni. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi, bingwa wa Marekani wa 1968, anazunguka nchi za Afrika akicheza mbele ya watu. Afrika Kusini ilikuwa imemnyima viza kwa sababu ya rangi yake na kwa sababu alisema wazi anachofikiri juu ya ubaguzi. Kwenye klabu ya tenisi ya Yaoundé wanamletea watoto wapige naye mipira kidogo. Mnajua ziara za wakubwa zinavyokuwa. Picha, soda, mkono kichwani kwa mtoto, hotuba, halafu gari linawasha taa na vumbi linabaki. Siku ile kati ya watoto kuna mmoja wa miaka kama kumi na moja, mrefu, miguu mingi kuliko mwili. Anapiga mpira, na Ashe anaona. Mtu aliyekwisha kucheza na mabingwa wa dunia nzima anaona kwa mtoto kitu ambacho hakifundishwi.

Nisikilizeni hapa, maana ndipo watu wanaponipita. Kuona si ajabu. Hata hapa Lubumbashi tunaona! Kila Jumapili kuna mzee mmoja pembeni ya kiwanja anasema, "huyu mtoto ana kipaji," kisha anamaliza chupa yake, anaenda kulala. Ashe alimwachia mtoto raketi yake. Halafu akampigia simu Philippe Chatrier, mtu mzito katika tenisi ya Ufaransa, akamwambia kuna mtoto Yaoundé, mtafuteni. Baada ya muda si mrefu Yannick alikuwa Nice, anasoma na kufundishwa tenisi chini ya shirikisho la Ufaransa. Miaka kumi na miwili baada ya ile siku ya Yaoundé, kombe.

Mtauliza kwa nini Ashe alijisumbua. Kwa sababu yeye mwenyewe aliokotwa. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943. Baba yake alikuwa mlinzi wa bustani ya watu weusi, nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani hiyo, viwanja vya tenisi mbele ya mlango. Mama yake alifariki Arthur akiwa mtoto wa miaka sita. Mwanafunzi mmoja wa chuo, Ron Charity, aliyekuja kufanya mazoezi pale, alimwona mtoto amekaa anatazama, anatazama, haondoki. Akamuuliza kama anataka kujifunza. Angeweza kumwambia, "wee mtoto, toka hapo." Baadaye Charity akaona mtoto amemzidi ujuzi wa kufundisha, akampeleka kwa daktari mmoja wa Lynchburg, Robert Walter Johnson, ambaye alikuwa na kiwanja uani kwake na kila likizo alikijaza watoto weusi, kwa sababu viwanja vya wazungu vilikuwa vimefungwa kwao. Kwa daktari huyo huyo alipita Althea Gibson, dada yetu aliyetwaa Wimbledon, kombe kubwa la tenisi la Uingereza, 1957 na tena 1958. Haya hesabuni: Charity akamwona Ashe, Johnson akamlea Ashe, Ashe akamwona Noah. Mwaka 1975 Ashe mwenyewe akatwaa Wimbledon mbele ya Jimmy Connors. Mmoja katika mnyororo ule angenyamaza, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Kuna kijana pale anataka kunipinga, namjua. Atasema Noah hakuwa mtoto wa njaa. Ni kweli, wala sifichi. Alizaliwa Sedan, Ufaransa, mwaka 1960. Baba yake alikuwa mchezaji mpira, alitwaa Kombe la Ufaransa na Sedan mwaka 1961, kabla jeraha halijammaliza na familia ikarudi Kameruni. Mama yake Mfaransa alikuwa mwalimu. Nyumbani kulikuwa na raketi, na mlango wa klabu ulikuwa wazi. Sasa nijibu wewe, kijana: kama mtoto wa namna hiyo, mwenye baba mwanamichezo na mama mwalimu, bado alihitaji mtu mmoja apige simu, je, huyu wetu ambaye baba yake hajalipwa na minervali, yaani ada ya shule, ya muhula huu haijalipwa?

Niwaambie langu. Miaka ile nilikuwa nafundisha kwenye klabu moja ya mji huu, jina halina kazi hapa. Tulikuwa na ramaseri mmoja, yaani mwokota mipira, mtoto wa mtaa wa Kenya hapa mjini, mkono wa kushoto. Mchana, wenye klabu wakienda kula, alikuwa anapiga mpira ukutani kwa kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe. Si raketi, ubao! Na mpira ulirudi pale pale, kama ameufunga kamba. Mji wetu uko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, mpira unaruka na kukimbia zaidi kuliko pwani, na bado alikuwa anaukamata na ubao usio na nyuzi. Nikaomba acheze kiwanjani saa moja tu kwa juma, saa ya jua kali ambayo hakuna mwanachama anayeitaka. Wakanijibu kwamba waokota mipira hawaingii kucheza, wataharibu desturi. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa na kazi ya kulinda, na watoto wangu nyumbani. Nilikuwa na namba za watu Kinshasa, na sikupiga. Yule mtoto akaenda Kolwezi kuchimba madini. Hilo ndilo linalonifanya nirudi kwa Noah kila mara, mama, usinichoke.

Wengine wanasema tenisi ni ya matajiri, sisi watu wa mtaa wa Kamalondo ni watu wa mpira wa miguu. Naipenda Mazembe, timu yetu ya mpira wa miguu, kama ninyi. Mwaka 2010, Kidiaba na wenzake walipofika fainali ya dunia ya klabu na kucheza na Inter ya Milan, mji huu haukulala. Lakini nani aliwapa wale vijana kiatu cha kwanza? Mtu. Jirani, mjomba, mwalimu wa shule. Mpira wa miguu una wajomba wengi mjini kwetu, tenisi haina. Tofauti ni hiyo, wala si rangi ya kiwanja.

Naambiwa dakika zinaisha. Nilitaka kueleza alivyomshinda Wilander, na ni jambo la kutazama taratibu: udongo mwekundu unaupunguza mpira mwendo, Wilander alikaa nyuma akirudisha kila kitu, na Noah akakataa kukaa naye huko nyuma, anapiga sevisi, anakimbilia wavuni, anaukata mpira kabla haujaanguka. Kombe la Davis, lile la tenisi ambalo nchi zinapambana, la 1991, Lyon, yeye akiwa nahodha wa pembeni, Ufaransa ikaipiga Marekani. Akalirudia 1996 na 2017. Muziki wake mnaujua, mnauchezea harusini. Mwanawe Joakim akawa mkubwa katika mpira wa kikapu kule Marekani. Na juu ya uchungu wa mtoto wa miaka ile kutengwa na mama yake na kupelekwa ng'ambo, nilikuwa na mengi, kwa sababu mimi sitaki watoto wetu wapelekwe mbali kwanza. Nataka kiwanja kije karibu.

Hili moja sitaliruka. Mwaka 1996 Noah alianzisha shirika linaloitwa Fête le Mur, la kupeleka tenisi kwenye mitaa maskini ya Ufaransa. Jina lenyewe limebeba neno ukuta. Na ukuta sisi tunao. Nyuma ya shule ya msingi hapa kuna ukuta mzima, hauna dirisha, na mkurugenzi amekubali. Nimepaka mstari mweupe kwa urefu wa wavu, sentimita tisini na moja kutoka chini. Nina raketi saba, mbili zimekatika nyuzi. Mipira ni ya zamani, imepungua pumzi, na kwa mtoto anayeanza ndiyo mizuri, haimkimbii.

Jumamosi, saa mbili ya asubuhi. Leteni watoto, wasichana pia, na nasema wasichana kwa sauti. Na wewe baba uliyekaa mstari wa pili, unayefanya kazi kwenye klabu, ninakuomba uje utazame nusu saa tu. Simu yako usiiache nyumbani.