Kuisoma Nembo ya Bibi na Bwana
Mhadhara kwa walimu wa uraia na mafundi wa mabango, Mbeya

Ndugu zangu, nembo ya taifa letu la Tanzania tunaiita Bibi na Bwana kwa sababu hao wawili ndio wanaotangulia kuonekana. Maneno mengi zaidi yamo kwenye ngao iliyo katikati yao, na fundi anayeichora kwa kukumbuka tu huyaharibu.

Tuanzie juu. Sehemu ya kwanza ni ya dhahabu, yaani madini. Watu wa Chunya hilo hawahitaji kufafanuliwa. Hapo unawaka mwenge wa uhuru, na chini kabisa ngao imesimama juu ya Kilimanjaro, mlima ambao mwenge uliwashwa kileleni mwake Desemba 1961.

Sehemu ya pili ni bendera, na makosa yamejaa hapa. Kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa pili. Mstari mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka pembe ya chini ya mlingoti. Ukiushusha, umechora bendera isiyo yetu. Buluu nayo isififishwe: iliingia 1964 kutoka Zanzibar, na bila hiyo mnabaki na rangi za Tanganyika peke yake.

Ya tatu ni nyekundu, udongo wenye rutuba, kama ule unaong'ang'ania viatu vyetu wakati wa masika. Shoka na jembe vimepishana pamoja na mkuki. Wanafunzi wa Iringa hupenda kusema ni mkuki wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Waelezeni taratibu kwamba unasimama kwa ulinzi wa uhuru wa nchi nzima. Lugalo ya 1891, alikowashinda Wajerumani vitani, ni mfano mzuri wa kufundishia, si chanzo cha mchoro.

Mawimbi ya buluu na nyeupe ni bahari na maziwa, Nyasa likiwemo.

Sasa miguuni: karafuu kwa mwanamume, pamba kwa mwanamke. Msibadilishane. Mtu wa Mbozi atauliza kahawa iko wapi. Haimo, na msimwongezee. Kando ya ngao ni pembe za ndovu, na kwenye utepe, Uhuru na Umoja.

Fundi, kabla hujachanganya rangi, uliza bango ni la nani. Mwenye duka au kampuni haruhusiwi kisheria kuitumia nembo hii kibiashara bila kibali, hata akikulipa vizuri.