Kumkumbuka Mchungaji Bachmann wa Mbozi

Baba Mchungaji, mama wachungaji, wazee wa kanisa na ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nimzungumzie Traugott Bachmann, mmisionari Mjerumani wa Kimoraviani aliyefungua misheni ya Mbozi, hapa nyanda za juu kusini magharibi mwa Tanzania, mwaka 1899. Habari za majengo mmezisikia kila jubilei. Leo nataka tumtazame kama mgeni na kama mzazi.

Sisi Wamoraviani tuna desturi ya tangu zamani: mtu anaandika mwenyewe habari za maisha yake, zije zisomwe siku ya maziko yake. Bachmann naye aliyaandika maisha yake, na ninachompendea ni kwamba hakuficha pale alipobadili mawazo.

Alizaliwa mwaka 1865, akaja huku 1892, mwaka mmoja tu baada ya wenzake kuanza kazi Rungwe. Njia ya siku zile ilikuwa kuingia kwa mto Zambezi, kupanda na mto Shire, kuyazunguka maporomoko kwa miguu, kisha meli tena Ziwa Nyasa. Ukifika hapo huna shangazi, huna jirani, na mtoto mdogo wa kijijini anakuzidi kusema. Alianzia kwa Wanyakyusa, akaja Unyiha, yaani nchi ya Wanyiha hapa Mbozi, akaanza upya. Agano Jipya la Kinyiha likachapwa 1913. Mgeni hafasiri kitabu kile peke yake, jamani! Kuna Wanyiha walioketi naye wakimsahihisha, na heshima ya kazi ile ni yao pia.

Sasa suala la wake wengi, ambalo hata leo linatusumbua. Kanuni ya wamisionari ilikuwa mwanamume aache wake wengine, abaki na mmoja, ndipo abatizwe. Hebu mfikirieni yule mama. Amezaa, ana shamba lake la ulezi, watoto wake wanamwita baba yuleyule, halafu anaambiwa arudi kwao kwa sababu mume wake amempata Yesu. Bachmann alipoishi na Wanyiha na kuzijua mila zao, aliacha kuwadai hilo, akawabatiza na nyumba zao zikiwa kamili. Mimi nasema alifanya haki.

Na nyumba yake mwenyewe je? Watoto wa wamisionari wa Kimoraviani walipofika umri wa shule walipelekwa Ujerumani, wengi wao kwenye bweni la Kleinwelka. Barua ilikuwa inakaa njiani wiki na wiki. Mama mchungaji anakunja gauni la binti yake, analiweka sandukuni, anajua likimbana atakayeliona ni mtu mwingine. Tunapohesabu gharama ya Injili hapa nyanda za juu, hao watoto tusiwaruke.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walifika, na wamisionari Wajerumani wakachukuliwa kama mateka wa vita. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, nchi ya Malawi ya leo, walisimamia kazi kwa mbali, lakini waliolibeba kanisa kila Jumapili ni wazee na walimu wa hapahapa. Bachmann alifariki mwaka 1948.

Ninyi mliomo humu, wapo ambao mababu zao waliimba, walifundisha, walipika au walijenga pale misheni. Waandikeni. Anzeni na mabibi, maana majina yao ndiyo yanayopotea upesi. Katibu ana daftari pale mlangoni. Asiyeweza kuandika amsimulie, naye ataandika kama alivyosikia.