Kabla Hujalipa: Wapi pa Kusomea Udaivumasta

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote, vijana na wazazi mliowasindikiza. Nimeombwa nizungumzie jambo moja: kijana mwenye cheti cha uokoaji wa uzamiaji, aliyekata shauri kuifanya kazi hii, akasomee wapi udaivumasta, yaani kazi ya kuwaongoza wazamiaji chini ya maji. Swali la kwanza la wengi huwa bei. Bei tutaifikia, lakini ngoja kwanza tujue mnanunua nini.

Kwa mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, mwanagenzi awe ametimiza miaka 18, awe na fomu ya daktari isiyopita mwaka mmoja na mafunzo ya huduma ya kwanza yasiyopita miezi 24. Daftari lake la kuzamia lionyeshe mbizi 40 kabla hajaanza, na zifike 60 kabla hajapewa kadi. Kuna majaribio matano ya maji: kuogelea mita 400 bila miwani wala mapezi, kuelea dakika 15 huku mikono ikiwa nje ya maji dakika 2 za mwisho, mita 800 kwa miwani na mapezi, kumvuta mtu asiyejiweza mita 100, na kubadilishana vifaa na mwenzako chini ya maji huku mkipokezana kinywa kimoja cha regyuleta, kifaa cha kupumulia. Kila jaribio lina alama 5, na jumla isipungue 15. Mita 400 ukizimaliza chini ya dakika 6 na nusu unachukua zote 5. Ukipitisha dakika 13 unapata 1. Halafu kuna stadi 24 za kuonyesha polepole kama mwalimu, ramani ya eneo la kuzamia, na mpango wa dharura.

Hayo ni yaleyale ukiwa Nungwi, Dahab ya Misri au Koh Tao ya Thailand. Kadi ni moja. Kinachobadilika ni bahari, chombo, wageni na mtu anayekufundisha, na hayo ndiyo mtakayochagua. Kazi ya daivumasta ni kuamua: tunashuka hapa au pale, sasa au baada ya saa moja, huyu mgeni aende au abaki botini. Basi kasomee mahali ambapo maamuzi hayo hufanywa kila siku mbele yako.

Chukueni Dahab. Maji ni meupe, gharama ya maisha ni nafuu, na kuzamia kwingi huanzia ufukweni: unavaa, unatembea, unaingia. Mbizi 60 unazipata upesi. Tena pale kuna Blue Hole, shimo refu la baharini karibu na ufuko, ambalo tao lake la chini liko kwenye mita 55 hivi, wakati mwisho wa uzamiaji wa kawaida ni mita 40. Wengi wamefia pale, kwa hiyo mwanagenzi hujifunza mapema kumwambia mgeni mwenye tamaa kwamba hapana. Lakini kupwa na kujaa kwa maji kule ni kudogo, na kazi ya boti ni chache. Ukija Pemba na uzoefu huo tu, siku ya kwanza utababaika.

Koh Tao ina sifa nyingine: wanafunzi wapya ni wengi, kwa hiyo utamsaidia mwalimu kozi baada ya kozi, mpaka uweze kumtambua mtu mwenye hofu kabla hajaiona hofu yake mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba wanagenzi nao ni wengi, na mnagombania nafasi.

Sasa hapa kwetu. Maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, mara mbili kwa siku. Kisiwani Mnemba mkondo hugeuka, na kundi lililoshuka likielekea kaskazini linaweza kujikuta linarudishwa kusini. Nahodha lazima alifuate boya lenu linaloonyesha mlipo, nanyi lazima mjue kulijaza hewa mkiwa kwenye mita 5 bila kupaa nalo. Pemba, kwenye kuta za mwamba, kuna mikondo inayoshuka chini. Mzamiaji anayekumbwa nayo asishindane kwenda juu akiwa ameukumbatia ukuta. Ajitenge na ukuta, aelekee maji wazi, atie hewa kwenye jaketi lake la kuelea na aiangalie kompyuta yake ya kupimia kina na kasi ya kupaa, kwa sababu mkondo ukimwachia atapaa kwa kasi. Mafia, pale Kinasi, kwenye mlango wa ghuba, saa ya kuzamia huamuliwa na maji: yakijaa yanakuingiza ghuba ya Chole yakiwa safi, yakipwa yanatoka na taka, na yanakutoa nje baharini. Kusi likivuma, kuta za nje hazifikiki, kazi yote hurudi ndani ya ghuba.

Kwa anayetaka kufanya kazi pwani hii, mimi nasema asomee pwani hii. Anayetaka kwenda kufanya kazi Misri au Maldivi anaweza kusomea kule, lakini aulize mapema habari za kibali, maana viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa.

Jambo linalowaumiza vijana wetu zaidi ni hili: kubebeshwa mitungi. Unaambiwa utasoma bure kwa kufanya kazi. Miezi inapita, unajaza mitungi, unaosha majaketi, unasukuma boti, na daftari lako halijaongezeka mbizi hata moja ya kuongoza. Mtungi mmoja wa alumini wa lita 11 una uzito wa kilo 14 na zaidi; kuubeba ni sehemu ya kazi, ila si mtaala. Takeni maandishi: nani mwalimu wangu, mbizi ngapi kwa wiki, ngapi kati ya hizo nitaongoza wageni huku yeye akinitazama, na kozi itaisha lini. Jina la mwalimu na namba yake hukaguliwa kwenye tovuti ya PADI. Hakikisheni kwamba bado ana idhini ya kufundisha. Wanagenzi wawili au watatu kwa mwalimu ni wengi wa kutosha. Nyota za daraja la kituo zilizobandikwa mlangoni hazikuambii nani atakayekaa na wewe.

Kabla ya kulipa, nendeni mkaone. Ombeni kutazama oksijeni ya botini, ile ya kumpa mzamiaji aliyepata ajali, na mpige hesabu wenyewe. Mtungi wa lita 2 uliojazwa bar 200 una lita 400. Ukitoa lita 15 kwa dakika, unaisha dakika ya 26. Kama kutoka eneo la kuzamia hadi nchi kavu ni dakika 45, hesabu haikubali. Mtungi wa lita 5 unafika dakika 66. Waulizeni pia chumba cha mgandamizo, anakotibiwa mzamiaji aliyepaa vibaya, kilicho karibu kiko wapi, kama kinafanya kazi mwezi huu, na mgonjwa anafikishwaje usiku. Mtu anayejikuna kichwa kwa swali hilo hana mpango wa kukufundisha.

Kisha nendeni nyuma, kwenye kompresa, mashine ya kujaza mitungi hewa. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu ya upepo, mbali na moshi wa injini yake na wa jenereta. Kuwe na daftari la saa za kazi na tarehe za kubadili kichujio. Hewa yenye harufu ya mafuta ni mbaya, lakini isiyo na harufu si lazima iwe nzuri, kwa sababu monoksidi ya kaboni hainuki. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu ya juu ya maji, na sumu ile ndogo nayo inakuwa mara tatu mwilini.

Bei, basi. Linganisheni jumla, siyo tangazo. Ulizeni kama vitabu, ada ya kuomba kadi, uanachama wa kila mwaka, bima, ada za hifadhi na kukodi vifaa vimo ndani. Mara nyingi havimo. Vifaa vya kwanza kununua ni miwani, mapezi na kompyuta. Regyuleta ifuate fedha ikipatikana.

Mwisho ni msimu. Aprili na Mei mvua za masika hufunga hoteli nyingi, wageni hakuna, na usipokuwa na wageni huna wa kuwaongoza. Anzeni Oktoba au Novemba, upepo wa matlai ukiwa umeituliza bahari, muingie kaskazi mkiwa mmeshazoea boti. Na mkienda kukagua kituo, nendeni siku ya bamvua. Siku ya maji mafu kila nahodha ni hodari. Karibuni maswali.